Kuifuata Ngozi Hadi Ng'ambo ya Mto Mara

Niliondoka Itiryo kwa sababu ya ngozi ya ng'ombe. Waliouliza wakati napanda pikipiki na magoti haya niliwajibu naenda kuona kitukuu. Haikuwa uongo, lakini haikuwa yote. Sasa nimerudi, mgongo umekubali kukaa, naandika ili nisirudie maneno haya kwa kila anayepita hapa kuomba maji ya kunywa.

Ng'ombe mwenyewe mnamkumbuka. Yule mwekundu mwenye baka jeupe begani, aliyekuja na mahari ya mjukuu wangu Wegesa kutoka kwa wakwe zetu wa Serengeti. Jioni alikula vizuri. Asubuhi tulimkuta amelala, tumbo limejaa kama ngoma, damu nyeusi inamtoka puani na nyuma, nyepesi kama maji, haigandi. Bomani hakukuwa na mwanaume wa kuchimba shimo, maana wanaume wote wamehamia Nyakunguru na Matongo kutafuta dhahabu. Mwanangu Chacha alipopata habari alikuja na mwanawe Marwa, na hawakuja na jembe, walikuja na visu. Nani kati yetu aliwahi kutupa ng'ombe? Kichuri, ule mchuzi wetu mchungu wa utumbo, kilipikwa, majirani mlikuja na mabakuli yenu, na mimi mchuzi niliunywa, sitaki kusema sikunywa.

Ngozi ikatunzwa. Kwetu ng'ombe wa mahari akifa kabla hajazoea boma, wakwe lazima waione ngozi yake, wajue kwamba amekufa kweli na hamkumuuza mnadani. Wakishaiona, wanatoa ng'ombe mwingine. Bila ngozi ninyi ni waongo, na binti yenu ataishi kule kama binti wa waongo. Basi Chacha aliitandaza juani, akaipaka chumvi, na ilipokauka Marwa aliikunja kwenye kiroba akaondoka nayo.

Hazikupita siku nyingi, mkono wa Chacha ukaanza. Kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye katikati nyeusi kama kaa lililozimika, na mkono ukavimba mpaka begani. La ajabu, kidonda chenyewe hakikumuuma. Tulisema ni jipu, tukamkandia majani. Alipozidiwa na homa tulimpeleka zahanati. Daktari alitazama mkono, akauliza swali moja tu: "Umechuna mnyama gani?"

Kimeta. Bwana mifugo alifika siku hiyohiyo na pikipiki yake. Tulimwonesha damu ilipomwagika, akazunguka pale kwa mbali kama mtu aliyeona nyoka. Wote tuliokula tukaambiwa twende tukapewe dawa.

"Ngozi iko wapi?" akauliza.

"Imekwenda kwa wakwe."

Alikaa juu ya kinu changu bila kukaribishwa. "Mama, huu ugonjwa haufi kwa jua wala kwa chumvi. Unakaa kwenye ngozi, kwenye damu, kwenye udongo, miaka na miaka. Unasubiri kama mbegu inavyosubiri mvua. Ngozi hiyo mtu asiilalie."

Mkwe wangu Robhi, mke wa Chacha na mama yake Wegesa, alishika kichwa. Wegesa alikuwa amejifungua juzi tu, mtoto wa kwanza. Na habari tuliyoletewa ilisema mama mkwe wake anaingojea ngozi kwa hamu, aitandike kitandani kwa mzazi na mtoto.

Simu tulipiga. Mume wa Wegesa, Matiko, hapatikani. Baba yake, Mzee Muniko, kijijini kwake mpaka upande kilima ndipo simu ishike mtandao. Bwana mifugo alimpigia mwenzake wa upande ule, akajibiwa yuko mbali kwenye chanjo, atafika kesho kutwa. Ikabaki mtu kwenda. Chacha anachomwa sindano. Robhi ni mama wa binti: akikanyaga chumba anacholala mkwewe ni aibu ambayo hata mvua haiioshi. Lakini bibi anaingia. Mume wa mjukuu wangu ni mume wangu kwa utani, na kitanda chake ni changu. Kwa hiyo mguu uliotakiwa ulikuwa huu wangu, mbovu.

Bwana mifugo alinipa glavu na maagizo. Usiikung'ute. Usiiburute. Itie kwenye mfuko, ichomwe yote, majivu yazikwe shimo refu. Nilifunga vidonge vyangu kwenye pindo la kanga nikapanda pikipiki.

Nyakunguru tulifika jua likiwa kichwani. Njia nzima ni vumbi, na vumbi la kule linanata kwenye jasho, unafika umepakwa kama ukuta. Kelele za makarasha yanayosaga mawe zinaingia mpaka kwenye meno. Maduara ya wachimbaji yako kila mahali, mashimo membamba yanayoshuka mpaka usione mwisho, na mdomoni mwa kila shimo kuna vijana wamekaa kama kunguru. Nikauliza Marwa. Wakapiga kelele kwenye shimo, kamba ikatikisika, mjukuu wangu akatoka mweupe mwili mzima.

"Bibi! Umekuja kuchimba?"

"Ngozi iko wapi, mura, kijana wangu?"

"Ngozi gani?"

"Ya mama yako! Ile uliyotumwa."

Wenzake wakacheka. Marwa akafuta uso akasema hakuipeleka yeye. Alimpa Matiko, kwa kuwa Matiko naye anachimba hapahapa. Matiko jana alisikia amepata mtoto wa kiume, akatupa sururu akaenda nyumbani, na hiyo ngozi mgongoni.

"Na kabla ya hapo ilikaa wapi?"

Akatazama chini. "Niliilalia mimi, bibi. Turubai lina baridi."

Nikamwambia avue shati. Alikataa mbele ya wenzake, nikamwambia nilikuogesha ukiwa na kichwa kama boga, vua. Shingoni, pale ngozi ilipomgusa akilala, palikuwa na kipele kama cha kung'atwa na mbu.

"Kinawasha tu," akasema.

"Cha baba yako nacho kilianza kwa kuwasha tu. Sasa mkono wake ni kama mguu wa tembo. Ni kimeta."

Kijana mmoja akadakia: "Kinameta? Basi ndiyo dhahabu yenyewe, bibi, tuonyeshe!"

Wakaanguka kwa kicheko. Sikuwa na nguvu ya kucheka wala ya kugomba, lakini maneno yalitoka. "Chekeni. Mnachimba mashimo ya kumeza nyumba, na shimo la ng'ombe mmoja limewashinda. Tungekuwa na mwanaume mmoja bomani wa kumzika, nisingekuwa hapa nakula vumbi lenu." Mmoja, taratibu, akaanza kujikagua mikono. Akaniambia na yeye aliilalia. Nikawaondoa wawili, Marwa na huyo, kama mbuzi.

Matongo, kwenye zahanati, foleni ilikula mchana wetu wote. Mguu uliovunjika, mtoto wa malaria, mtu aliyeangukiwa na jiwe, halafu sisi na kipele chetu. Muuguzi alicheka mpaka aliposikia neno kuchuna. Hapo aliacha kucheka akawachoma sindano wote wawili, akawapa vidonge na kumwambia Marwa asikose hata kimoja. Usiku ule nililala kwa mama mmoja wa kanisani kwetu aliyeolewa huko. Vidonge vyangu vilinichafua tumbo. Kila nilipofumba macho niliona kitanda cha Wegesa.

Asubuhi Marwa alikuja na sururu na sepeto begani. Sikumwita. "Utachimba na nini, bibi? Na fimbo yako?" Tukapata lifti kwenye gari la kubeba mkaa. Nilikaa mbele na dereva, Marwa juu ya magunia. Tulivuka Mto Mara darajani. Maji mekundu, mazito, yanakwenda bila haraka. Dereva akataka kunionyesha kiboko. Nikamwambia baba, mimi viboko nimewaona kabla baba yako hajazaliwa, kanyaga mafuta.

Mugumu tulishuka tununue mafuta ya taa na mfuko mgumu wa nailoni. Mwenye duka, Mzee Salum, ni mtu wa Pwani aliyezeekea hapa. Zamani alikuwa ananunua ngozi vijijini. Alipoona glavu kwenye kikapu changu aliniuliza mgonjwa ni nani. Nikamweleza.

"Aliyekufa mwenyewe mkamla?" akauliza. "Kwetu mzoga ni haramu, mama."

"Kwenu ni dini. Kwetu nyama ni nyama."

Akatikisa kichwa. "Nilikuwa na mpagazi wangu, kazi yake kubeba ngozi. Alitoka kidonda cheusi hapa, shavuni. Tulisema amerogwa. Tulimzika tukisema amerogwa." Akanipimia mafuta, akazidisha kidogo. Sikumshukuru vizuri, nilikuwa nafikiria shavu.

Kwa wakwe tulifika jua limeanza kuinama. Kijiji chao ni kizuri, mtama umesimama, na kwa mbali unaona mbuga. Mzee Muniko alitoka kunipokea kwa kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ngozi iko wapi?"

"Kaa kwanza, mama! Mgeni hata hajanywa maji."

Nikakaa, kwa sababu magoti yalikaa yenyewe. Mke wake Nyangi akaleta maji, akaleta uji, akaanza kunisifia mtoto. Muniko akasema kwa furaha: "Ngozi nimeiona. Baka jeupe begani, ndiye kabisa. Wewe na Chacha ni watu wa kweli. Ng'ombe wenu mwingine yule pale, mweusi, mtaondoka naye."

Nikamtazama yule mweusi. Ndama wake alikuwa anamnyonya. Ningenyamaza tu, ningeshukuru, ningefunga kamba, na jina la nyumba yangu lingebaki limenyooka. Nikaweka uji chini.

"Ng'ombe mwache. Ngozi imetandikwa wapi?"

"Kwa mzazi," akasema Nyangi. "Laini, jamani! Tangu jana wanailalia."

Nikasimama. Mlangoni kwa Wegesa alikaa Matiko, ananoa panga na kutabasamu kama baba mpya anavyotabasamu.

"Mume wangu, sogea. Nimekuja kulala kwangu."

"Karibu, mke mkubwa! Lakini kitanda kimejaa, mke mdogo kajifungua."

"Nitawaamsha. Lete kanga safi na maji ya moto, na usiniulize."

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya maziwa. Wegesa alikaa kitandani, mtoto amelala ubavuni kwake juu ya kipande cha kanga, na chini ya kanga, nyekundu, ndiyo hiyo. Mjukuu wangu alitaka kulia kwa furaha akiniona. Nikamwambia mchukue mtoto, shuka upande huu, usivute kitu. Alinijua sauti, akashuka. Nikavaa glavu, nikafunga kitambaa puani, nikaikunja ngozi polepole, manyoya ndani, kama unavyokunja mkeka wenye unga. Nikaitia mfukoni. Ndipo nikamshika kitukuu. Tulimwosha, yeye na mama yake, nikampapasa kila mahali: nyuma ya masikio, kwapani, kati ya vidole. Hakuna kitu. Akanikojolea. Sijawahi kufurahia mkojo namna ile.

Nje Muniko alikuwa amegeuka. "Mama, umekuja kuninyang'anya ngozi kitandani kwa mwanangu?"

Nikamweleza yote, na mkono wa Chacha. Uso wake ukawa mgumu.

"Kwa hiyo mnasema niliwapa ng'ombe mgonjwa."

"Sisemi hivyo. Ng'ombe alikuwa mzima. Kwenu hakuchanjwa, kwetu hakuchanjwa. Bwana mifugo anasema chanjo inatakiwa kila mwaka, na sisi tukitangaziwa tunasema vijana wako kwenye maduara, nani atawapeleka ng'ombe."

"Sisi hapa nyumbu wakifa mbugani hatuwagusi. Tunawaachia fisi. Ninyi mnachuna!"

Nikamwambia anioneshe mahali ambapo mifugo haifiki na maji hayapiti.

Nyuma ya boma, mbali na kisima, Marwa alivua shati akaanza kuchimba. Nimeona watu wakichimba maisha yangu yote, viazi, makaburi, vyoo. Sijaona mtu anayechimba kama wale vijana wa dhahabu. Udongo ulitoka shimoni kama unatemwa. Tulichoma ngozi humohumo chini kwa kuni na mafuta ya taa, tumesimama upande upepo unakotoka, mpaka ikawa majivu. Glavu na ule mfuko navyo vikaingia.

Hapo ndipo shida nyingine ilipokuja, na ilikuja na sururu.

Jirani wa kwanza alifika akasimama tu. Wa pili akamuuliza Marwa anatokea wapi. Marwa akajibu, "Nyakunguru." Basi. Neno hilo lilikimbia kijiji kizima. Kabla shimo halijafukiwa vizuri, walikuwa wamejaa, wanawake na makarai, wanaume na majembe. Kijana wa Nyakunguru anachimba shimo refu kwa Muniko, na bibi ameletwa kuangalia! Mmoja alichota udongo wa juu akaenda kuusafisha kwenye karai la maji, anauzungusha na kuutazama.

"Mzee Muniko," wakasema, "jirani ni jirani. Usile peke yako."

"Hakuna dhahabu!"

"Ndivyo anavyosema kila aliyeipata."

Muniko akanivuta pembeni. Jasho lilikuwa linamtoka. "Mama, usiku hawa watafukua. Tuseme ni mambo ya ukoo. Tuseme laana imezikwa."

"Wataita mganga aitoe laana, halafu watafukua."

"Sasa tufanyeje? Ukisema ukweli, nyumba yako na yangu zimekwisha. Mnajulikana mnakula mizoga, na mimi najulikana nililipa mahari kwa ng'ombe anayeua."

Nilikuwa nimechoka, watu wangu. Nilitaka tu mahali pa kuegemea. Lakini lile karai lilikuwa linazunguka, na anayelizungusha alikuwa na mtoto mgongoni.

Nikapanda juu ya kile kifusi. "Mimi ni Bhoke, mama wa Chacha, wa Itiryo. Bibi wa Wegesa aliyeolewa hapa. Ng'ombe wetu alikufa mwenyewe, damu inamtoka puani. Tulimchuna. Tulimla. Mwanangu mkono unaoza. Ngozi ya ng'ombe huyo tuliileta hapa kama ushahidi, na tumeichoma humu. Hicho ndicho mnachokitafuta."

Wakaangua kicheko. "Watu wa Itiryo! Mnakula mizoga!" "Bibi, kichuri chake kilikuwa kitamu?"

"Kilikuwa kitamu," nikasema. "Sana."

Marwa akasimama karibu yangu. Aliinua tochi ya simu akaielekeza shingoni kwake. Kipele cha jana kilikuwa kimepasuka, na katikati yake palikuwa peusi, na shingo imevimba mpaka taya.

Kicheko kilikatika kama kamba. Mwenye karai akalimwaga palepale, akakimbia kuosha mikono mpaka viwiko, akamshusha mtoto akamwosha na yeye. Wengine waliondoka bila kuaga. Nilisikia mwanamke mmoja akimwuliza mume wake gizani, "Na wale mbuzi wa mwaka jana, tulifanyaje?" Jibu sikulisikia.

Asubuhi bwana mifugo wao alifika. Alilipitia lile shimo, akamwaga chokaa, akaamuru mawe na miiba juu yake, na akatangaza siku ya chanjo. Wegesa, Matiko na mtoto walikwenda zahanati, wakapewa dawa na kuambiwa warudi kuangaliwa. Mpaka naandika hivi wote ni wazima.

Wakati wa kuaga, Muniko alinisindikiza mpaka njia panda. Yule ng'ombe mweusi alibaki zizini, na wote wawili hatukumtazama.

"Ngozi hakuna, mama," akasema. "Wazee wa ukoo hawakuiona, watauliza."

"Waulize."

"Ungenyamaza mpaka asubuhi, ungeondoka naye."

"Ningeondoka naye. Na kitukuu ningemwacha juu ya nini?"

Akavaa kofia yake, akaivua tena. Aliniaga kwa heshima. Ng'ombe hajaja, na sidhani kama atakuja.

Kurudi ni njia ileile, lakini ndefu zaidi. Marwa nilimwacha Matongo kwenye zahanati, shingo imeanza kupungua. Aliniahidi atarudi nyumbani siku ya chanjo kushika ng'ombe. Nitaamini nikimwona.

Itiryo nilimkuta Chacha amekaa nje, mkono umefungwa, kidonda kimekauka. Daktari amesema alama itabaki. Nikamwambia inuka, tuna kazi moja. Nilimpeleka pale tulipomchunia ng'ombe, pale damu ilipomwagika. Mvua imenyesha nikiwa safarini. Nyasi za pale zimeota kuliko popote bomani, nene, laini, kijani kibichi, na ndama wawili walikuwa tayari wananyoosha shingo.

Tuliwafukuza. Mimi nilikata miiba, yeye aliipanga kwa mkono mmoja, tukazungushia. Bwana mifugo atakuja kupamwagia chokaa. Mkipita hapo mtaona nyasi nzuri ndani ya miiba na mtasema yule bibi ni mchoyo. Semeni. Ila asije mtu na ng'ombe wake, na asije mtu na jembe.